Paka Kwenye Piano

Kwa miaka mingi niliamini kwamba katuni ni adui wa elimu. Niliamini hivyo kwa dhati, na kwa kuwa nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa na uwezo wa kuifanya imani yangu kuwa sheria. Leo, nikiwa mzee wa miaka sabini na ushei, nataka kukiri kosa moja lililotokana na imani hiyo.

Televisheni ilichelewa kufika kwetu Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walianza kuitazama miaka ya sabini. Sisi tulisubiri hadi mwaka 1994. Chuo chetu kilipata seti na deki ya video mwaka 1997, vikawekwa bwaloni, na ufunguo wa kabati nikautunza mimi. Jumamosi moja nikasikia vicheko. Nilipoingia nikawakuta wanachuo, watu wazima waliobakiza miezi michache kukabidhiwa madarasa, wakimtazama paka aliyevaa suti ya sherehe akipiga piano. Nikaizima palepale.

Kijana mmoja mpole, aliyepiga kinanda katika kwaya ya kanisani, akasimama.

"Samahani Mkuu, mkanda huu ni wangu. Nilitaka tusikilize muziki wake. Nadhani unafaa kufundishia watoto."

Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba kama paka ndiye atakayemfundishia, basi na mshahara wake atauchukua paka. Bwalo zima likaangua kicheko. Kijana akaketi. Nikaondoka nikijiona nimelinda heshima ya chuo.

Miaka ikapita, nikastaafu. Mwaka 2019 mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa sebuleni akitazama katuni, nami nikisoma gazeti chumbani. Mara nikasikia piano. Zilikuwa sauti nzito, za taratibu, na mwili ukanisisimka kabla sijakumbuka ni kitu gani. Muziki ule niliujua! Nilipokuwa mwanachuo, mkufunzi wetu mmoja alikuwa na santuri yake, na jioni alituruhusu kuisikiliza. Ni Rapsodia ya Hungaria Namba 2 ya Franz Liszt. Nikaenda sebuleni. Kwenye kioo alikuwa paka yuleyule.

"Babu, sikiliza," mjukuu akaniambia bila kugeuka, "sasa hivi itaanza kukimbia."

Na kweli ikakimbia. Utunzi ule una sehemu mbili: ya kwanza hutembea kwa uzito na huzuni, ya pili huchangamka kama ngoma ya harusi. Mtoto ambaye hajawahi kufundishwa noti hata moja alikuwa amelishika umbo lake lote, kwa sababu ya panya aliyelala ndani ya piano, akaamshwa, akaamua kulipiza kisasi.

Nikaanza kufuatilia. Filamu ile, The Cat Concerto, ilitolewa Marekani mwaka 1947 na William Hanna na Joseph Barbera, ikapata tuzo ya Oscar. Muziki ulisimamiwa na Scott Bradley. Mwaka 1946, studio nyingine ilikuwa imemkalisha sungura Bugs Bunny kwenye piano kwa utunzi huohuo. Mwaka 1957 Chuck Jones alichukua opera za Wagner, ambazo mfululizo wake mmoja huchukua saa zipatazo kumi na tano kwa usiku nne, akazibana katika katuni isiyofika dakika saba. Hawakuwa watu wa mzaha hao. Ili mchoro wa kidole cha paka uguse kibonyezo sawasawa na sauti, ilibidi muziki na picha vipimwe pamoja, fremu kwa fremu, na fremu ni ishirini na nne kila sekunde. Mimi, niliyekuwa nikikagua maandalio ya masomo kwa kalamu nyekundu, sijawahi kuona andalio lililopimwa hivyo.

Lakini lililoniuma si hilo. Lililoniuma ni kwamba siku ile bwaloni muziki niliokuwa nikiupenda ulikuwa ukilia mbele yangu, nami sikuusikia. Nilimwona paka tu.

Nikaitafuta namba ya yule kijana, nikaipata kwa msaada wa wenzake. Sasa ni mtu mzima, mwalimu wa hesabu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza kilichonifanya nimpigie, nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo.

"Mkuu," akasema, "ile katuni nilishaisahau kabisa. Kicheko ndicho sikukisahau." Hakuwahi kufundisha muziki. Alinisamehe kwa maneno ya adabu, tukaulizana hali za familia, tukaagana.

Msomaji mwenzangu, hasa wewe uliye mwalimu, sikuandika haya ili watoto waachwe mbele ya televisheni kutwa nzima. La hasha. Nasema tu kwamba kabla hujaizima, keti nao dakika saba na usikilize. Mimi siku hizi mjukuu wangu akinikuta nimeketi, huniwashia mwenyewe, na ile sehemu ya pili ikikaribia hunishika mkono nisije nikasinzia.