Weupe wa Nguo Si Ngao

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Usiku huo ulinifika mchana kweupe, mimi mke wa askari na mama wa binti mwenye ualbino.

Tangu azaliwe nilimvika nguo nyeupe, nikiamini kwamba weupe hulifukuza jua. Siku ya michezo ya kambi alishinda uwanjani na fulana nyepesi, iliyolowa maji kwa kucheza. Jioni nilipomvua, moyo ulinipasuka: mabega yalikuwa mekundu, yametoka malengelenge, mahali pale pale palipofunikwa na fulana.

Mwuguzi wa zahanati hakunikaripia. "Mama," alisema, "weupe hurudisha nuru tunayoiona, ndiyo maana nguo haipati joto upesi. Lakini mionzi ya urujuanimno haionekani, nayo huipenya pamba nyeupe iliyo nyepesi. Rangi iliyokolea huinasa mingi kabla haijafika mwilini."

Alinieleza kuwa kinga ya fulana kama ile ni takriban 7, yaani sehemu moja katika saba hupita. Ikilowa, kinga hushuka hadi kama 3. Nguo ya kinga 50 hupitisha sehemu moja tu katika hamsini. Kisha akaiinua fulana dirishani, nikaviona vidole vyake. Akainua shati la sare la mume wangu, sikuona kitu. "Hata hivyo," akaongeza, "rangi peke yake haitoshi. Nguo nyeusi yenye matundu ni chekeche tu."

Nilirudi nyumbani nikaitoa kaniki niliyoidharau, nikamshonea gauni pana la mikono mirefu, ili upepo upite na joto lisimchoshe. Kofia yake ina ukingo mpana. Usoni na mikononi hupakwa mafuta ya kukinga jua. Na tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri hucheza kivulini. Saratani ya ngozi imewakatisha maisha mapema wengi walio kama yeye, wala sitaki imkute kwa ujinga wangu.

Ndugu zangu wa kambini, kabla hamjamnunulia mtoto nguo ya juani, iinueni kwanza kwenye mwanga. Mkiviona vidole vyenu, jua nalo litaiona ngozi yake.