Msiba Usio na Matanga

Kila ninapoitazama Body and Soul, siwezi kuyaruka majina yanayoitangulia filamu. Huyasoma moja moja, polepole, kama mtu anayepita makaburini kwa jamaa zake. John Garfield. Anne Revere. Lloyd Gough. Canada Lee. Mwandishi, Abraham Polonsky. Mwongozaji, Robert Rossen. Ilitoka mwaka 1947, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Ni hadithi ya kijana wa mtaa wa kimaskini jijini New York anayepanda hadi ubingwa wa ndondi na kuuuza utu wake njiani. Miaka mitano baadaye, kila mmoja niliyemtaja hapo alikuwa ameshaonja kufungiwa milango ya Hollywood. Wawili walikuwa kaburini.

Canada Lee alifariki tarehe 9 Mei 1952, akiwa na miaka 45. Garfield alimfuata tarehe 21 ya mwezi huohuo. Alikuwa na miaka 39. Siku kumi na mbili tu. Kwetu, siku kumi na mbili baada ya mazishi mjane bado yumo ndani ya eda, na wageni wa mbali ndio kwanza wanapiga hodi kutoa pole.

Hakuna mahakama iliyowahukumu wawili hawa. Mwezi Oktoba 1947, kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwaita watu wa sinema Washington kuwauliza kama ni wakomunisti, au waliwahi kuwa. Kumi walikataa kujibu. Tarehe 24 Novemba, Baraza likapiga kura 346 kwa 17 kuwashtaki kwa kulidharau Bunge, na hatimaye wote kumi wakafungwa. Siku moja baada ya kura, wakuu wa kampuni za filamu waliokutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba hao kumi hawana kazi tena, na kwamba hawatamwajiri mkomunisti yeyote kwa kujua. Tangazo hilo likafanya kazi ambayo sheria haikuthubutu kuifanya. Juni 1950 kikatoka kijitabu kilichoitwa Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni. La Garfield lilikuwamo. Wamarekani wakauita utaratibu huo orodha nyeusi, lakini ukiwauliza wenye studio walikana kwamba kuna orodha. Mtu aliona tu simu haipigwi tena.

Nataka nikae kidogo na Canada Lee, maana ndiye anayesahaulika upesi zaidi. Alizaliwa New York mwaka 1907 na kupewa jina la Lionel Cornelius Canegata. Utotoni alipiga fidla. Akatoroka nyumbani akawa mpanda farasi wa mashindano, kisha bondia. Husimuliwa kwamba mtangazaji wa ulingoni alishindwa kulitamka jina lake, akamwita Canada Lee, likamganda. Ngumi zikamwibia uoni wa jicho la kulia, akahamia jukwaani. Mwaka 1941 Orson Welles alimpa nafasi kuu katika tamthilia ya Native Son, na New York nzima ikajua kwamba kuna mtu. Katika Body and Soul anaigiza bingwa mweusi, Ben, mwenye donge la damu ubongoni. Wenye mchezo wanajua, nao wanaficha ili pambano lifanyike na fedha zipatikane. Baadaye tunamwona Ben amesimama ulingoni kambini, hana mpinzani, anapiga ngumi hewani mpaka anaanguka. Lee hakuhitaji mtu wa kumfundisha tukio lile. Aliyajua mapigo yanayobaki mwilini muda mrefu baada ya kengele kulia.

Mwaka 1949 jina lake lilijitokeza katika nyaraka za FBI zilizosomwa kwenye kesi ya mtu mwingine kabisa. Hakushtakiwa. Alisema hadharani kwamba yeye si mkomunisti, na haikumsaidia. Redio na televisheni zikamfungia. Filamu yake ya mwisho, Cry, the Beloved Country, ilipigwa Afrika Kusini. Humo ni mchungaji mzee aliyetoka kijijini kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe. Ukimtazama anavyotembea katika mitaa ile, amevaa mavazi yake ya kichungaji, unaona mwigizaji aliyekuwa ndio kwanza anafika kilele cha kazi yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Garfield naye alikwenda mbele ya kamati Aprili 1951. Akasema hajawahi kuwa mkomunisti na hana wa kumtaja. Walichokitaka kilikuwa majina. Maofisa wa upelelezi walikuwa na mafaili yao, waliyajua yote. Kamati ilitaka mtu asimame, afungue kinywa, amtaje rafiki yake. Ilikuwa ni namna ya kiapo: ukitoa jina la mwenzio, unarudishiwa lako. Garfield hakutoa, na studio hazikumwita tena. Akarudi jukwaani New York, Machi 1952, katika tamthilia ya Golden Boy ya rafiki yake Clifford Odets, inayomhusu kijana mpiga fidla aliyegeuka bondia. (Sijui kama alikuwa akimkumbuka Lee kila usiku alipovaa glavu. Mimi nisingeweza kutomkumbuka.) Tarehe 19 na 20 Mei, Odets mwenyewe alikaa mbele ya kamati akataja majina. Tarehe 21, moyo wa Garfield ulisimama. Madaktari wana maelezo yao, kwani moyo ule ulikuwa mgonjwa tangu zamani, nami sitaki kuufanya ushahidi wa jambo lolote. Maelfu ya watu walijaa barabarani siku ya kumzika.

Rossen ndiye jina linalonisumbua. Mwaka 1951 aliitwa, akakataa kuwataja wenzake. Miaka miwili akakaa bila kazi. Mwaka 1953 akarudi mbele ya kamati, na safari hii akataja watu zaidi ya 50. Alipata kazi tena, akatengeneza filamu nzuri. Nadhani alikosea, na nalisema hili nikiwa nimeketi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeniuliza swali lolote. Ila simhesabu miongoni mwa walionusurika. Aliyetaja majina alipoteza meza aliyozoea kula, watu waliomjua tangu ujana, na haki ya kwenda kutoa pole katika nyumba fulani.

Kwetu mtu akifa, jirani hangoji kuitwa. Mikeka inatandikwa, sufuria kubwa zinatoka, aliyegombana na marehemu naye anakuja, anakaa chini. Jina linatajwa mara nyingi siku zile, katika dua, katika hadithi, katika kicheko kinachoponyoka katikati ya kilio. Hivyo ndivyo mfiwa anavyosaidiwa kubeba. Aliyefungiwa kazi na orodha nyeusi alifiwa na maisha yake mwenyewe, na watu wakakaa mbali naye kwa sababu kuonekana mlangoni pake kulitosha kukutia nawe orodhani. Jina lake lilipotajwa, lilitajwa kwa kunong'ona.

Na marehemu wenyewe ni nani? Anne Revere, anayeigiza mama wa bondia katika filamu hii, alikuwa na tuzo ya Oscar. Baada ya 1951 hakuonekana tena kwenye filamu hadi 1970. Akina mama wangapi angewaigiza katika miaka ile? Polonsky aliongoza filamu yake ya kwanza, Force of Evil, mwaka 1948, Garfield akiwa ndani yake. Ya pili ilikuja 1969. Miaka 21. Katikati aliishi kwa kuandika chini ya majina ya watu waliokubali kumstiri. Filamu ya Odds Against Tomorrow ilitoka mwaka 1959 ikiwa na jina la mwandishi mweusi John O. Killens, na ni mwaka 1996 ndipo la Polonsky liliporudishwa rasmi, yeye akiwa na miaka 85. Hizo walau ni hasara zinazoweza kuandikwa. Lakini filamu ambazo hazikuandikwa kabisa, zile alizoziwaza usiku akaziacha kwa kujua hakuna wa kuzipokea, hizo hazina mwili wa kuosha wala kaburi la kuwekea jiwe. Nikijaribu kuzililia sijui nielekee wapi.

Ndiyo maana narudi kwenye majina ya mwanzo, na huishia kwa Lloyd Gough. Katika Body and Soul yeye ndiye Roberts, promota mwenye sauti ya upole anayewanunua mabondia kama mizigo. Mwaka 1952 aliigiza adui mkuu katika filamu ya Rancho Notorious. Alipokataa kuijibu kamati, Howard Hughes, mwenye studio, akaamuru jina lake liondolewe. Uso ukaachwa, kwa kuwa bila uso ule hadithi isingesimama. Ukiitazama leo unamwona mtu anaua, anakimbia, anasakwa tangu mwanzo hadi mwisho, na orodha ya waigizaji haisemi ni nani.

Mwaka 1976 Martin Ritt na Walter Bernstein, waliokuwa wamefungiwa pia, walitengeneza The Front, filamu juu ya miaka hiyo. Gough yumo, amezeeka. Inapokwisha, majina ya waliotajwa zamani yanapanda kwenye kioo, na kando ya kila mmoja umeandikwa mwaka aliofungiwa. Zero Mostel, 1950. Herschel Bernardi, 1953. Lloyd Gough, 1952. Hapo huwa nasimamisha picha, nikalisoma kwa sauti.