Redio ya Fundi

Mjukuu wangu aliokoa televisheni, mimi nikaokoa sanduku la bati. Ziwa Naivasha lilikuwa limeingia tena Kihoto, mwaka huo wa 2025, kama lilivyoingia 2020, na vijana wa boti hawakuwa na subira na mzee aliyekumbatia takataka. Ndani ya sanduku mna redio ya transista isiyo na kifuniko cha nyuma.

"Guka, na hii ni ya nini?"

Ni ya fundi aliyenifunza kazi Naivasha mjini. Mimi nasema ilikuwa 1974. Dada yangu anaapa ni 1976, kwa sababu ya gauni fulani. Haya. Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mlango, likinuka rosini iliyoungua na chai ya maziwa iliyomwagikia jiko kila asubuhi. Siku moja mteja alileta redio inayokwaruza jioni. Fundi hakuifungua. Alitoka nje na transista hii, akaigeuza polepole hadi mkwaruzo ukafa.

"Inaponyamaza, ncha yake inamwelekea mwizi."

Akapiga hatua kama thelathini kando, akaigeuza tena. Mistari miwili ya ile ncha ikakutana kwenye mashine ya posho, ambako swichi iliyolegea ilikuwa inatoa cheche. Hela akamtoza mwenye mashine.

Dishi la Longonot lilikuwa kazini tangu 1970, likitega sikio kwa satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu. Tuliwaonea wivu mafundi wa huko. Hatukujua kazi ni ile ile.

Wakati huo Wasovieti walikuwa wamesharusha injini za ioni: gesi ya zenoni inavuliwa elektroni, kisha inafyatuliwa nje kwa nguvu ya umeme, na chombo kinasogea. Siku hizi satelaiti nyingi zinazo. Tatizo ni kwamba gesi ikishageuka hivyo hupiga kelele za redio, na masikio ya satelaiti yako hapo hapo ubavuni. Basi kabla ya safari injini huwashwa ndani ya tangi lililonyonywa hewa, antena zikaisikiliza masafa baada ya masafa. Tangi la chuma linaleta mwangwi, kama kuimba bafuni, kwa hiyo Wamarekani walitengeneza la faibaglasi, mawimbi yapite hadi kwenye antena za nje. Mashine ya posho tu, ila hii inasaga zenoni.

Yaliyofuata ni ya haraka. Kaseti, FM, simu. Duka likawa la M-Pesa. Leo washa mawimbi ya kati usiku uone: balbu za bei ya chini, chaja za bei ya chini, mkwaruzo mtupu, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayesikiliza. Hata satelaiti za Starlink, wanaastronomia wa Ulaya waliripoti 2023 kwamba vifaa vyake vya ndani vinavujisha mawimbi ya redio.

Nilitia betri mpya chumbani tulikohamia. Ikakwaruza. Nikampa mjukuu aigeuze mwenyewe, polepole, mpaka ikanyamaza. Ncha ilikuwa inaielekea televisheni yake.