Kufungua Chuma Kilichoshikwa na Kutu

Mwambao wa Malindi ni adui wa kale wa chuma. Pepo zile zile za kaskazi na kusi, ambazo kwa dahari nyingi zimetuletea majahazi na neema, hupeperusha pia chumvi laini isiyoonekana, nayo huingia kila penye upenyo. Hata trekta lililoachwa chini ya mwembe tangu kwisha kilimo cha masika hukutwa, mvua zirejeapo, lina injini iwakayo bila ya tabu na mikono ya nyuma iliyokataa katakata kuinua jembe. Katika maisha yangu ya ufundi nimeiona namna ya kuutibu ugonjwa huu ikigeuka, na mageuzi hayo ndiyo nitakayo kuyahadithia, kwa kuwa naamini yameokoa vyuma vingi, na viungo vya watu pia.

Nilipoingia karakana, matrekta tuliyoletewa kutoka mashamba ya bonde la Sabaki yalikuwa aghalabu yale madogo ya Ferguson: lile la kijivu, TE20, lililoundwa Uingereza tangu mwaka 1946 hata 1956, na yale mekundu yaliyolifuata, 35 na 135. Harry Ferguson alikuwa mtu wa maarifa makubwa, na ushahidi wake ni kule kuificha pampu ya haidroliki tumboni mwa trekta, ikaogelea katika oili ile ile ilainishayo gia. Walakini maji yakipenya kwa juu, penye mpira wa gia uliopasuka, hayana pa kwendea ila chini kwenye pampu. Oili hugeuka nyeupe mithili ya tui, na vali ya kuongozea, iliyochongwa kwa kipimo finyu mno, hushikwa na kutu isisogee tena.

Dawa ya zamani hizo ilikuwa nyundo na moto. Silinda ya tela ikigoma, ilibanwa kwenye jiliwa, ikapashwa kwa gesi hata ikawa nyekundu, kisha ikapigwa. Na mara nyingi kilichotoka si pistoni, bali kipande cha pistoni. Fauka ya hayo, oili iliyonaswa ndani ya silinda iliyozibwa, ikipata moto, hutanuka na kugeuka mvuke, na chuma kikipasuka hakichagui wa kumpiga. Katika karakana moja nilishuhudia kifuniko cha silinda kikitoboa bati la paa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyekuwa mbele yake.

Aliyenifunza njia nyingine ni mzee mmoja aliyezeekea kwenye mashine za vyombo vya baharini kabla ya kuja kwetu. Yeye hakugusa nyundo. Alichanganya mafuta ya taa na sifa, yale mafuta ya papa wapakayo mabaharia vyombo vyao, akamimina ndani ya silinda, akaiacha siku kadhaa, akiigeuza asubuhi na jioni. Tulipomhimiza alisema, “Mwanangu, kutu hii imeingia kwa miaka, wewe wataka itoke kwa adhuhuri moja?” Kwa vali ya Ferguson alikuwa na njia iliyo sahali zaidi: alipunguza oili, akafungua kifuniko cha ubavu wa kulia, akaingiza koleo, akawa anaisukuma na kuivuta ile vali taratibu, huku akiilisha mafuta, hata ikateleza. Trekta ambalo mwenyewe alikwisha ambiwa alinunulie pampu mpya liliinua jembe siku ile ile.

Mageuzi makubwa yalikuja na grisi. Silinda iliyoyashinda mafuta tulianza kuijaza oili hata hewa yote ikatoka, tukafunga nipeli penye tundu lake, tukaipiga kwa bomba la grisi la mkono. Hapo ndipo nilipoifahamu barabara kanuni ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, aliyebainisha kuwa shinikizo litiwalo katika kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Bomba la mkono laweza kutoa ratli 4,000 kwa kila inchi mraba. Pistoni yenye kipenyo cha inchi 3 husukumwa basi kwa nguvu ipitayo tani 12, bila ya moto wala kishindo, tena katika njia yake yenyewe, fimbo isipinde wala ukuta usikwaruzwe. Wako wapendao upepo wa kompresa kwa kuwa ni wa haraka. Mimi naukataza kabisa, kwani upepo hushindiliwa ukalimbika nguvu, na pistoni ikiachia hutoka kwa kasi ya kuua, ilhali nguvu ya grisi huisha mara pistoni isogeapo. Hata hivyo mkono usipapase panapovuja: mchirizi mwembamba wenye shinikizo hutoboa ngozi, na jeraha hilo, lijapoonekana dogo, ni la kukimbizwa kwa daktari mpasuaji papo hapo.

Mtihani mgumu niliuona Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua na matela hushinda ndani ya adui mwenyewe. Huko fimbo za silinda, ijapokuwa zimepakwa kromu, huliwa vitundu vidogo vidogo, na kingo za vitundu hivyo hukata sili kila fimbo ipitapo. Kuifungua silinda ya namna hiyo si kazi. Kazi ni kumwambia mwenyewe kwamba fimbo imekwisha, kabla hajatoa fedha za sili zisizodumu.

Leo vijana wana dawa za kopo za kupulizia, na nyundo imepungua sauti. Nawaomba wenye matrekta jambo moja: msimu ukiisha, rudisheni fimbo ndani ya silinda zilale katika oili, mwageni oili iliyokwisha kuwa nyeupe mtie mpya, na kila juma liwasheni trekta mkaiinue na kuishusha mikono yake, hata kama hakuna jembe la kuinua.