Laki mbili za mama

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nime-disco, hapana jamani, bado nipo Mlimani, mwaka wa pili sasa, Uhasibu ule ule. Nilikuwa likizo nyumbani Biharamulo na kule mambo yalinibana. Niliahidi kuwasimulia, basi leo tukae chini, ingawa kesho nina test saa mbili asubuhi.

Nilifika nyumbani mwanzoni mwa Agosti. Siku ya tatu tu simu ikaingia kutoka Ngara kwamba bibi yetu, mama yake mama, kaanguka akitoka shambani, kavunjika mkono. Alipelekwa Murgwanza akafungwa hogo, ila mtu wa kumpikia na kumchotea maji hakuna, wajukuu wote wametawanyika. Mama akafunga kanga mbili kwenye mfuko, akasema anaenda kwa mwezi mmoja. Mzee ni mwalimu wa shule ya msingi, jikoni si mtu wa kumtegemea. Wadogo zangu ni watatu: mmoja kidato cha pili, mmoja darasa la tano, na kitinda mimba wa darasa la kwanza. Kwa hiyo mpira ukaja kwangu.

Jioni ile Mzee akanihesabia shilingi laki mbili mezani. Akasema, "Hii ndiyo hela ya jikoni anayopewa mama yako kila mwezi. Haiongezeki. Wewe si unasomea mambo ya hesabu?"

Ndugu zangu, nilifurahi. Nikaona hii sasa ndiyo field yenyewe, tena watu wa kulisha ni wale wale watano: mama katoka, mimi nimeingia. Nikachukua daftari nikaandika hivi:

Unga wa mahindi kilo 30, 42,000
Maharage kilo 12, 24,000
Mchele kilo 8, 19,200
Mafuta ya kula lita 4, 22,000
Sukari kilo 5, 15,000
Dagaa, 15,000
Mkaa gunia moja, 20,000
Chumvi, majani ya chai, sabuni, 12,000
Mboga, nyanya na vitunguu, 1,000 kwa siku, 30,000

Jumla 199,200. Inabaki 800. Ndizi sikuziandika kwa sababu tuna migomba yetu nyuma ya nyumba. Nilijiona kama Waziri wa Fedha siku ya Bajeti, imebaki kupigiwa makofi tu. Kesho yake nikaenda sokoni na kapu, akina mama wakanicheka, mmoja akaniuliza kama nimeshaoa au nimeolewa. Nikavumilia.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ndipo nilipoanza kujifunza.

Baba mdogo alishuka kwenye basi kutoka Nyakahura na watoto wake wawili, wakakaa siku tatu. Mgeni kwetu halishwi dagaa siku zote tatu, mnajua wenyewe. Mchele ukaondoka. Walipoondoka tu, mtaa wa pili kukatokea msiba. Kila nyumba inapeleka kilo mbili za unga, maharage kidogo na elfu mbili ya rambirambi. Nikafungua daftari langu nikatafuta mstari wa msiba. Haupo. Nikatafuta mstari wa wageni. Haupo. Halafu jirani akamtuma mtoto na kikombe kuomba sukari, na huyo jirani ndiye anayetupa maziwa kila ng'ombe wake akizaa. Utamwambia bajeti hairuhusu?

Na mimi mwenyewe nilikuwa na makosa yangu. Kila hela ilipopungua nikaanza kununua vitu kidogo kidogo: mafuta robo lita, sukari ya mfuko wa kufunga, mkaa wa kopo, maana gunia liliisha mapema, dogo alikuwa anawasha jiko saa nzima kabla ya kuweka sufuria. Ukinunua hivyo unaona umetoa hela ndogo, kumbe ukipiga hesabu ya kilo unalipa zaidi kuliko mwenye hela. Haya tuliyasoma darasani, lakini darasani hayaumi.

Siku ya 19 nilikuwa na shilingi 7,500, unga kama kilo sita, na mafuta ya kulowesha chini ya chupa. Zimebaki siku 11. Kitinda mimba akaniuliza asubuhi kwa nini uji hauna sukari. Nikamwambia ni mzuri kwa meno. Akaniangalia tu, akanywa.

Kumwambia Mzee nilishindwa. Ningeanzaje, mtoto wa Uhasibu? Nikaamua kwenda kwa Mangi wa duka la kona, anikopeshe mpaka mwisho wa mwezi. Mangi ni mtu wa utani.

"Karibu msomi. Leo unachukua nini?"

Nikamweleza kwa kuzungukazunguka. Wala hakushtuka. Akavuta daftari lake kubwa chini ya kaunta na kuuliza, "Sasa nikuandikie ukurasa mpya au niendeleze huu wa Mama Mwalimu?"

Mama Mwalimu ni mama yangu. Sikujua kama ana ukurasa. Mangi akaugeuza ili nione. Ulikuwa umejaa mbele na nyuma. Unga kilo mbili. Mafuta robo. Sabuni kipande. Chumvi. Pembeni tarehe, na mistari imekatwa pale alipolipa. Chini kabisa kiasi kilichobaki: 37,500.

Nilichokiona kwanza ni kwamba madeni yale hayakusambaa mwaka mzima. Yamejazana. Kuna wiki mbili za Desemba kakopa karibu kila siku, halafu kimya. Januari tena. Machi. Mei, hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Juni. Mtu anayesoma hesabu akiona takwimu zimekaa hivyo lazima ajiulize kulitokea nini.

Nilijiuliza, na jibu nilikuwa nalo mfukoni. Nikatoka nje nikakaa kwenye kreti la soda, nikafungua simu nikatafuta meseji za kupokea hela. Desemba 30,000. Januari 40,000. Machi 25,000. Mei 50,000. Juni 30,000. Jumla 175,000, zote kutoka namba ya mama. Kila mara daftari la Mangi linaanza kujaa siku mbili au tatu baada ya meseji yangu.

Hapa inabidi niwe mkweli kwenu, maana wengine mnasoma hapa hapa Mlimani na mnanijua. Mimi ninapata boom. Kama mnavyojua, hela ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa siku 60 ni laki sita. Yaani boom moja ni mara tatu ya hela inayolisha watu watano nyumbani kwa mwezi. Na mimi laki sita zile zilikuwa zinanifikisha wiki ya tano, ya sita kwa taabu. Raba mpya, bando, chips mayai saa sita usiku, siku ya Kigamboni na washkaji. Zikikata napiga simu nyumbani: "Mama, chakula kimeisha." Nasema kwa sauti ya chini kidogo ili anihurumie. Na mama hajawahi kusema hana. Alikuwa anasema, "Ngoja nione, mwanangu," na kufika jioni hela imeingia.

Sikuwahi kujiuliza alikuwa anaona wapi.

Nilimpigia palepale. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya bibi, halafu nikasema nipo kwa Mangi. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Kakuonyesha?"

"Kanionyesha. Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ulisema huna chakula. Ulitaka nikujibu ulale njaa usome? Haya, niambie kwanza, umebakiza nini hapo ndani?"

Nikamtajia. Akanituma chumbani kwake, nyuma ya mlango, ndoo iliyofunikwa kanga kuukuu. Ndani mlikuwa na maharage debe zima. Aliyanunua Juni wakati watu wanavuna, bei iko chini, akayakausha na kuyachanganya na majivu yasibunguliwe. Akaniambia niache kununua dagaa na mchele kabisa, nipike maharage na ndizi mchana, ugali na matembele usiku, na maharage yalowekwe tangu usiku ili mkaa usiishe. Kwa Mangi nichukue chumvi, mafuta na sukari kilo moja tu, ya uji wa watoto. "Wewe na baba yako mtakunywa chai kavu. Atalalamika. Mwache alalamike."

Kweli Mzee alilalamika, siku mbili, akazoea. Tulimaliza mwezi. Siwezi kusema kwa heshima, lakini tulimaliza, na deni nililoongeza mimi kwa Mangi ni 9,000.

Mwisho wa mwezi Mzee akanipa nauli niende kumchukua mama. Mnaijua ile njia, Biharamulo, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, halafu unapanda kwenda Ngara, malori ya Rwanda na Burundi yamejaa barabarani. Nilimkuta bibi anakaa nje, mkono kwenye tai, analalamika kwamba mama anaweka chumvi nyingi. Usiku tukiwa tunamenya ndizi nikawasimulia mambo ya daftari langu na mistari yangu tisa. Bibi akacheka sana.

Akaanza kusimulia mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa siku moja, watu zaidi ya 200,000 walivuka pale Rusumo kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama jiji. Bibi anasema wiki chache tu bei zote anazozijua ziligeuka. Mafuta na mahindi ya msaada yakawa yanauzwa rahisi, ndizi na maziwa vikapanda, kuni zikawa za kutafutwa mbali. Ikawa hivyo mpaka Desemba 1996 waliporudishwa kwao. "Hela mkononi mwangu ilikuwa ile ile," akasema. "Kilichobadilika ni midomo. Ukitaka kupanga chakula, usianze na hela. Anza kuhesabu midomo, na uhesabu hata ambayo haipo hapo ndani."

Mama alikuwa anamenya ndizi tu, hakuniangalia. Lakini nilielewa. Mimi niliandika watu watano. Mama alikuwa anapika kwa watu sita siku zote, mmoja yuko Dar es Salaam na anakula chips mayai.

Basi wadau, nimerudi. Boom limeingia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtumia Mangi 46,500, zile 37,500 na 9,000 zangu, nikamwambia akate ukurasa wote. Nilidhani ni siri. Jioni meseji ya mama ikaingia: "Mangi kaniambia. Sasa wewe utakula nini?"

Nimegawa kilichobaki, 553,500, kwa siku 60. Ni 9,225 kwa siku, kila kitu humo humo, na safari hii nimeweka mstari wa wageni na mstari wa msiba. Leo ni siku ya 23. Kwa hesabu nilitakiwa niwe na 341,325. Nina 318,000. Yaani nimeshapitiliza elfu ishirini na tatu na kitu, na sehemu kubwa ni siku mbili tu nilizokwenda mjini na washkaji. Sijawa malaika. Ila nimenunua sufuria ndogo na kilo tano za maharage, na wale mnaokaa block yetu mkisikia harufu ya maharage saa nne usiku mjue ni mimi, karibuni, ila mje na mchele wenu.

Mambo ya simu ya "mama, chakula kimeisha" nimeyaacha. Nikiishiwa wiki ya nane nitawaandikia hapa hapa, mnicheke.

Ngoja nikasome. Usiku mwema.