Swali la Polisi Kinywani mwa Mtafiti

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu maisha ya uzeeni ya watu wapendao jinsia yao hapa Kenya. Sehemu ya sampuli ilikuwa na sentensi moja tu: atatumia mbinu ya mpira wa theluji. Yaani atampata mmoja, huyo amtajie mwenzake, na mwenzake amtajie mwingine. Nilimwomba tukae, nikamsimulia kosa langu.

Nilipokuwa nikisomea uzamivu Uingereza, niliajiriwa kwa muda kutafuta wazee wa kuhojiwa, wanaume kwa wanawake, waliopita miaka 65. Vijana walijitokeza hata bila kuitwa, wazee hawakuonekana. Tangazo letu lilitumia neno ambalo vijana wa huko wamelikomboa na kulivaa kama pambo, kumbe kwa wazee lilikuwa tusi walilotupiwa tangu ujanani. Tulipolibadilisha, wakaja wachache.

Mmoja wao, mzee aliyekaribia miaka 75, alizungumza nami kwa saa mbili hadi chai ikapoa. Mwishoni nikamuuliza kama nilivyofundishwa: je, angeweza kunipa majina ya marafiki zake walio kama yeye? Alinyamaza kitambo.

"Hilo," akasema, "ndilo swali walilokuwa wakituuliza polisi."

Nilikuwa nimeisoma historia hiyo vitabuni na sikuwa nimeielewa. Hadi 1967, mapenzi baina ya wanaume yalikuwa jinai Uingereza na Wales, hata faraghani. Scotland ilingoja hadi 1980, Ireland ya Kaskazini hadi 1982. Polisi walipomkamata mmoja, walipekua barua zake na kijitabu chake cha anwani ili wawafikie wengine. Katika kesi mashuhuri ya 1954 iliyomfunga Lord Montagu, Michael Pitt-Rivers na Peter Wildeblood, barua zilikuwa sehemu ya ushahidi. Mzee wangu alikuwa kijana wakati huo. Alijifunza mapema kwamba kumpenda rafiki ni kutolitaja jina lake, nami nilikuwa nikimwomba aivunje amana hiyo kwa faida ya tasnifu za watu.

Wanawake walikuwa na hofu nyingine. Sheria ile haikuwagusa, lakini katika miaka ya 1970 na 1980 wapo walionyang'anywa watoto mahakamani, ndoa zao zilipovunjika, kwa sababu waliishi na wanawake wenzao. Mama mmoja alikubali kuhojiwa lakini akakataa kutia sahihi fomu ya ridhaa. Kamati ya maadili ilishikilia sahihi. Karatasi iliyobuniwa kumlinda ndiyo pekee ambayo ingebeba jina lake! Kanuni za Marekani huruhusu sahihi iachwe pale ambapo ndiyo kiungo pekee kati ya mtu na utafiti, na hatari kuu ni siri kuvuja. Sisi tulibishana na kamati hadi mama yule akachoka, akajiondoa.

Baadaye tuliacha kuuliza majina. Tulimpa kila aliyehojiwa kadi chache zenye nambari yetu ya simu, azigawe apendavyo, anayetaka apige. Kazi ilienda polepole mno. Hata hivyo, waliopiga walikuwa wenye marafiki, wakazi wa mijini, wengi wao wasomi. Mzee aliyemzika mwenzi wake wa miaka 30 huku majirani wakidhani ni mpangaji mwenzake hakupewa kadi na mtu yeyote. Ninaposoma kwamba wazee hawa wanaridhika na maisha kwa kiwango fulani, kwanza natafuta ukurasa unaoeleza walipatikanaje.

Kwetu, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinabeba kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Orodha ya majina ndani ya kompyuta ya mwanafunzi si data tu. Mikononi mwa mwingine ni ushahidi.

"Mwalimu, na nikipata wanne tu?" aliniuliza.

Nilimwambia awaandike hao wanne, aeleze kwa kirefu alivyowapata, na awaeleze pia waliokataa, bila kuwatambulisha. Alitaka kujua kurasa ngapi. Nikamwambia zozote zitakazohitajika, mradi daftari la majina lisiwepo.