Kalamu, kompyuta na goti la babu

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na ahadi ni deni, itakuja. Lakini leo naomba ruhusa niweke msimbo kando, niwasimulie jinsi nilivyotumia karibu mwaka mzima nikijifunza kuchora watu kwa kompyuta. Mimi huyu huyu ambaye darasa la nne nilichora kuku, mwalimu akauliza kama ni birika.

Chanzo ni babu, baba yake mama. Alikuwa fundi wa baiskeli Bungoma, enzi zile Black Mamba ndizo zilizobeba kila kitu, kuanzia magunia ya mahindi hadi wagonjwa. Alifariki mwaka wa 2009 nikiwa darasa la sita. Hakupenda kupigwa picha. Iliyobaki ni moja tu, aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, ndogo kama stempu. Mwaka jana Nyanya aliitoa ndani ya Biblia yake akanikabidhi.

"Mjukuu wangu, wewe uliyesomea kompyuta, huwezi kunitolea babu yako hapa akawa mkubwa, nimtundike ukutani?"

Mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta akiulizwa swali kama hilo mbele ya ukoo mzima, hana njia ya kusema hapana. Niliiskani picha, nikaipitisha kwenye programu moja ya akili unde inayodai kukuza picha za zamani. Baada ya dakika mbili akatoka mzee mtanashati, ngozi laini kama ya mtangazaji wa runinga, meno yamepangika. Nyanya alimtazama kwenye simu, kisha akaniuliza kwa upole, "Huyu naye ni nani?"

Kitaalamu jibu ni rahisi. Ile picha ndogo ilibeba taarifa chache mno, na programu ya aina hiyo haiwezi kurudisha kisichokuwepo. Inakisia, kwa kufuata nyuso nyingi mno ilizofunzwa nazo. Kwa hiyo nilichopewa ni mchanganyiko wa wazee wa watu wengine. Babu hakuwamo. Taarifa zilizokosekana zilikuwa mahali pamoja tu, kichwani mwa Nyanya, ambaye sasa ana miaka 84, na chache kichwani mwa mjomba. Hakuna waya wa kuchomeka huko ukanakili faili. Nikaona njia ni moja: nichore mwenyewe, naye anisahihishe.

Nikanunua ubao wa kuchorea, wa mitumba, ule usio na skrini. Unaukalia mezani kama daftari, unachora juu yake kwa kalamu maalum, na mistari inatokea kwenye skrini ya kompyuta. Wazo la kuchora kwa kalamu kwenye kompyuta ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alimaliza pale MIT programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambayo mtu aliitumia kwa kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Kalamu yangu mimi inafanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya uso wa ubao kuna wavu wa nyaya unaotoa mawimbi ya sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili inayoyaitikia na kuyarudisha, na ubao unapima itikio ni kali zaidi wapi, hivyo unajua ncha iko wapi. Ndiyo maana kalamu haina betri. Ukikandamiza, itikio linabadilika kidogo, na programu inaunenepesha mstari.

Ubao wangu unatambua viwango 8,192 vya mkandamizo, yaani mbili kipeo cha kumi na tatu. Nilijisifu sana kwa marafiki kuhusu namba hiyo. Mkono wangu ulikuwa na viwango viwili: kugusa na kutoboa.

Kwa programu nilichagua Krita, ambayo ni programu huria, ya bure, na inakaa vizuri kwenye Linux. Jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Kwa kuwa babu alikuwa fundi wa baiskeli, nikaanza na gurudumu. Basi kila duara nililochora lilitoka duaradufu, limelala kama yai. Wiki mbili nzima nilifanya mazoezi ya duara, ukurasa baada ya ukurasa, nikiulaumu mkono. Kumbe mezani nina skrini mbili, na mfumo ulikuwa umeutandaza ubao juu ya skrini zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo kila kitu kilivutwa kwa upana. Amri moja ya kuufunga ubao kwenye skrini moja, duara likawa duara. (Mkipatwa na hili kwenye Linux, tafuteni maelezo ya xsetwacom na MapToOutput. Mtanishukuru.) Cha kuchekesha ni kwamba gurudumu likiinamishwa mbele ya fundi anayeziba pancha huonekana duaradufu kweli. Nikatoka kutibu ugonjwa, nikaanza kujifunza kuuchora kwa makusudi.

Tatizo la pili halikuwa na amri ya kulitibu. Lilikuwa ni kitufe cha kutendua, Ctrl+Z. Sisi waandishi wa programu tumelelewa nacho. Nachora mstari wa bega, siupendi, natendua. Nachora tena, natendua. Siku moja niliandika programu ndogo ya kuhesabu nikakuta kwa saa moja nimekibonyeza mara 412, na kwenye skrini kulikuwa na shingo na sikio. Siku hiyo hiyo niliingia kwenye mipangilio ya Krita nikakiondoa. Mstari ukikosewa, unabaki pale unakutazama, na unachora mwingine juu yake ukijua wa kwanza ulikosea kwa kiasi gani na kwa upande upi. Mstari uliofutwa haukufundishi kitu, kama vile hitilafu uliyoificha bila kujua ilisababishwa na nini.

Baada ya miezi mitatu nikawa na uso wa kuonyesha watu. Niliweka ile picha ya kitambulisho kwenye tabaka la chini, nikafuatisha mistari juu yake, kisha nikapaka rangi. Na hapo nikagonga ukuta wa tatu. Seti za rangi za ngozi nilizopakua mtandaoni zilikuwa zote kama ganda la pichi. Nikafikiri kiprogramu: ngozi nyeusi ni ile ile, punguza mwangaza tu, ongeza nyeusi. Nilichapisha kwenye karatasi kubwa nikampelekea Nyanya. Akaitazama, akasema, "Mbona umempaka jivu?"

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi Kodak iliwapa wachapishaji wa picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Picha ilihesabiwa kuwa sawa kama ngozi yake imetoka sawa. Mwenye ngozi kama ya babu alitokea vyovyote alivyotokea. Nikaona masomo mengi niliyokuwa nikifuata ya kupaka rangi yana ugonjwa wa ukoo huo huo. Basi niliyaacha nikatoka nje, nikaketi chini ya mti nikautazama mkono wangu mwenyewe. Jaribuni nanyi. Ngozi nyeusi ikipigwa na anga, pale inapong'aa haiwi nyeupe, inachukua ubuluu wa mbingu. Kwenye kivuli haiwi nyeusi, inaelekea wekundu wa hudhurungi. Na kama umekaa juu ya udongo mwekundu kama ule wa kwetu, udongo unarudisha mwanga wake chini ya kidevu na chini ya mikono. Ile nyeusi tupu niliyokuwa nikimwagia kila mahali, karibu haimo.

Nikarudi kwa Nyanya na uso mpya. Safari hii rangi aliikubali. Alikaa nayo mapajani muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni yule wa kwenye picha. Picha ninayo. Mimi nataka alivyokaa."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa. Uso ulikuwa sehemu ndogo tu. Alitaka mtu mzima, kwenye kigoda chake, mbele ya banda, na gurudumu. Nikaanza upya na mwili. Nilisoma Andrew Loomis, kitabu chake cha 1943 cha kuchora umbo la mtu, ambamo mtu bora ana urefu wa vichwa vinane. Watu wa kawaida tunakaribia saba na nusu. Nikasoma pia Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, miaka mitatu baada ya kifo chake. Yeye anasisitiza uchore kile mwili unachokitenda kabla ya kuchora ulivyo. Zoezi ni la haraka: sekunde 30, dakika moja, hakuna pua wala vidole, unakamata mwinamo wa mgongo na uzito umeangukia wapi. Mimi nilikwenda kwenye kituo cha bodaboda karibu na ninapoishi, nikiwa na kompyuta ya mapajani na ubao. Wale vijana walinicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wakaanza kubishana nani kachorwa nani. Na jambo la ajabu ni hilo: michoro haikuwa na sura, mistari saba au minane tu, lakini walitambuana. "Huyu ni Kamande, hakuna mwingine anayeegemea pikipiki hivyo."

Nikamchora babu. Kigoda, mgongo umeinama, kofia, magoti mawili yamekunjwa, gurudumu katikati. Mifupa yote mahali pake. Niligeuza picha kulia kushoto kwa kitufe cha M, hila ya kufichua makosa, nikaona haina kosa. Nikaichapisha, nikapanda basi la usiku kwenda Bungoma.

Nyanya aliitazama kidogo tu.

"Babu yako hakukaa hivi. Mguu wa kulia aliutupa mbele. Goti lilikuwa halikunji."

Jamani, nilinyamaza. Kwa sababu nilijua. Babu aliumia goti kabla sijazaliwa, na mguu ule ulinyooka mbele ya kigoda miaka yote, ukiziba nusu ya mlango wa banda. Utotoni kila nilipotumwa ndani kuleta spana niliuruka. Nimeuruka mara ngapi, sijui. Na nilikaa mwaka mzima nikisoma vichwa saba na nusu, koili na mawimbi, nisiukumbuke. Sikuwa nimemsahau babu, ila nilichobaki nacho kilikuwa ni "mzee fundi", na ndicho nilichokichora. Mashine ilinipa mzee wa watu wote, nami nikafanya vile vile kwa mkono.

Mchana ule mjomba alikubali kukaa. Yeye ana mabega ya babu. Tulitoa kigoda kile kile, Nyanya akaketi pembeni akiongoza. "Shusha bega la kushoto. Hapana, yeye alikuwa anaegemea mguu mzuri. Kichwa chini, alikuwa anasikiliza upepo unapotokea kwenye tyubu." Nilichora michoro kumi na tisa bila kutendua hata mmoja. Mguu ukinyooshwa, kumbe mwili mzima unabadilika: nyonga inapanda upande mmoja, mgongo unapinda, gurudumu haliwezi kukaa katikati, linaegemea paja. Kosa langu la goti lilikuwa limeharibu kila kitu juu yake.

Niliimaliza picha baada ya wiki tano. Uso umeinama, nusu uko ndani ya kivuli cha kofia, na sikujaribu kubuni nisichokijua. Niliitundika mwenyewe sebuleni. Nyanya alisimama mbele yake bila kusema kitu, kisha akasema, kama anayemsemea mtu aliyeko nje, "Huyo atachelewa kula tena."

Halafu akanigeukia. "Lakini kofia hakuivaa hivyo. Aliisukuma nyuma."

Kwa hiyo picha ya ukutani ni toleo la kwanza. La pili liko kwenye kompyuta, kofia nimeisukuma, na mikono naifanyia kazi, maana mikono ni ngumu kuliko yote. Safari hii nimeamua kutongoja hadi nimalize. Namwendea kila mwezi na karatasi mpya, namwacha aseme, maana akisema kofia anakumbuka na redio, akikumbuka redio anakumbuka wimbo, na hayo yote nayaandika.

Kama una mzee nyumbani, ubao wa kuchorea si lazima. Penseli inatosha. Mkalie mbele, mtazame anavyokaa.

Haya, somo la hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini kwa sasa.